Mwezi na nyota: mwongozo wa kuzitazama kwa mwezi mmoja, uani kwako Goma

Koko wangu aliiita ile taa nyeupe inayowaka jioni upande wa Sake "mke wa mwezi". Hakuna aliyembishia, maana jioni moja unakuta mwezi mwembamba uko kando yake kabisa, mume na mkewe wanashuka pamoja nyuma ya milima ya Masisi. Kesho yake mume yuko juu, mke kabaki chini. Keshokutwa wametengana. Tukimuuliza, koko alikuwa na jibu: mwezi ana wake wengi, kila usiku analala kwa mwingine.

Nilikuwa tayari mtu mzima nilipogundua kwamba mzaha ule ulikuwa umebeba karibu somo zima. Ukitaka kujua mwezi unatofautianaje na nyota, usianze na ukubwa wala mwanga. Anza na zamu zake: nani anahama, nani anatulia. Yafuatayo ni ya kufanywa kwa macho yako, ndani ya siku 30, bila kununua kitu.

Saa zote humu ni za Kiswahili: saa moja usiku ni ile ambayo shuleni mnaandika 19 h.

Kwanza, mahali pa kukaa

Mji wetu umejengwa ndani ya dira. Volkeno ya Nyiragongo iko kaskazini, Ziwa Kivu liko kusini, Rubavu mashariki, barabara ya Sake magharibi. Kwa hiyo kumbuka hili tu: jua, mwezi na nyota huchomoza upande wa Rubavu na kuzama upande wa Sake. Nikisema "mashariki" chini hapa, geukia Rubavu.

Tuko digrii 1.7 tu kusini mwa ikweta, na karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Bahati hiyo wengi hawana: mwaka ukizunguka, karibu nyota zote za anga, za kaskazini na za kusini, hupita juu ya mabati yetu.

Huna haja ya kutoka parseli usiku. Ua unatosha, au dali ya nyumba kama unayo, mradi uone kipande cha anga cha mashariki na kingine cha magharibi. Lakini kuna onyo moja ambalo vitabu vya Ulaya havitakupa. Sisi wa upande wa Keshero, Himbi na Lac Vert tunaishi na mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kukusanyika mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku upepo ukiwa umetulia. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na inaua. Kwa hiyo usitandike mkeka kwenye shimo wala bondeni eti kuna giza zuri. Kaa kwenye kiti, mahali palipoinuka.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho chenye usiku mwingi usio na mawingu, ingawa vumbi na moshi hupunguza nyota za chini. Mimi napendelea zaidi usiku wa msimu wa mvua, saa mbili baada ya mvua kubwa kukatika: hewa imeoshwa, na nyota zinakuwa kama zimesogezwa karibu. Umeme ukikatika, kwa mara moja usilalamike. Mlima ukiwaka, mawingu yaliyo juu yake huwa mekundu na anga la kaskazini linaharibika. Basi geukia ziwani.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuangalia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Funga tochi ya simu kwa kitambaa chekundu, mwanga mwekundu hausumbui sana.

Kipimo ni mkono wako

Nyoosha mkono mbele yako, ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni digrii kama 10 za anga. Kidole kidogo ni digrii 1. Mkono wa mtoto ni mfupi lakini ngumi yake ni ndogo pia, kwa hiyo kipimo kinamfaa vilevile.

Sasa chukua punje moja ya mchele, uishike kwa ncha za vidole, mkono ukiwa umenyooka, uilinganishe na mwezi mpevu. Urefu wa punje unaufunika mwezi wote, upande hadi upande. Mwezi ni nusu digrii tu! Watu wengi hawaamini mpaka wajaribu, hasa mwezi unapochomoza juu ya Rubavu ukiwa mwekundu na mkubwa kama sinia. Upime kwa mchele ukiwa chini kabisa, kisha upime tena saa sita usiku ukiwa utosini. Punje ni ileile. Ule ukubwa wa jioni ni macho yanayodanganywa, na wekundu wake ni kazi ya hewa, vumbi na moshi wa makala.

Halafu jaribu kupima nyota. Huwezi. Hapo umepata tofauti ya kwanza kwa mkono wako mwenyewe: mwezi una upana, nyota ni nukta. Na nukta hiyo haipanuki hata ukileta jumeli, ile darubini ya macho mawili. Inang'aa zaidi tu.

Lakini ukubwa wa kweli ni kinyume. Mwezi una upana wa kilomita 3,474, wakati jua letu, ambalo ni nyota ya kawaida, lina karibu kilomita milioni 1.4. Kinachogeuza mambo ni umbali. Mwezi uko kwa wastani kilomita 384,400 kutoka hapa, na mwanga wake hutufikia kwa sekunde 1.3. Ukiacha jua, nyota ya jirani zaidi inayoonekana kwa macho ni Alfa ya Kentauri, ile angavu inayokaa kushoto kwa Msalaba wa Kusini (nyota nne zilizojipanga kama msalaba), juu ya ziwa, jioni za Mei na Juni. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 4. Ukiuweka mwezi mita moja kutoka puani kwako, kwa kipimo hichohicho nyota hiyo ingekuwa zaidi ya kilomita 100,000, yaani kuizunguka dunia mara mbili na bado hujafika. Na hiyo ndiyo jirani.

Juma la kwanza: tafuta mwezi mwandamo

Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hivyo kazi ni rahisi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kufa, simama saa kumi na mbili na nusu utazame magharibi, ngumi moja au mbili juu ya milima. Mwezi mchanga utauona umelala chali kama mtumbwi, pembe zimeelekea juu. Watoto wanaochora mwezi umesimama wima kama herufi C wamefundishwa na vitabu vya nchi za mbali. Hapa kwetu huelea.

Angalia upande unaong'aa: daima unaelekea kule jua lilikozama. Andika kwenye daftari tarehe, saa, ngumi ngapi kutoka mlimani, na uchore umbo. Fanya hivyo jioni saba mfululizo, saa ileile. Utaona mwezi unanenepa na kupanda kuelekea utosini, zaidi ya ngumi moja kila siku. Siku ya saba ni nusu, na jua likizama uko juu ya kichwa chako.

Siku ya sita au ya saba tafuta mwezi pia mchana, saa kumi alasiri, upande wa mashariki. Upo, mweupe kama kipande cha wingu. Mwezi si mali ya usiku. Nyota pia zipo mchana, ila mwanga wa jua umezimeza.

Jioni moja ya mawingu: fanya hili ndani

Chukua kiazi cha mviringo, ukichome kijiti. Washa tochi ya simu, uiweke juu ya kabati kwenye chumba chenye giza. Tochi ni jua, kichwa chako ni dunia, kiazi ni mwezi. Shika kiazi mbele yako, juu kidogo ya kichwa, uzunguke polepole kuelekea kushoto. Ukiielekea tochi, upande unaouona ni mweusi: huo ni mwezi uliokufa. Geuka kidogo, unatokea ukingo mwembamba wa mwanga. Robo ya mzunguko, nusu. Ukiipa tochi mgongo, kiazi chote kinawaka.

Nimewafanyia hivi watoto wa dada yangu, na wa mwisho aliuliza swali zuri kuliko yote: "Nyota nazo zina nusu?" Hazina. Nyota inawaka yenyewe kutoka ndani, pande zote, kama makala ndani ya mbabula. Mwezi ni jiwe linalomulikwa. Ndiyo maana mmoja anabadilika umbo na nyingine hazibadiliki kamwe.

Kiazi kitakupa na saa. Mwezi mpevu lazima uwe mkabala na jua, kwa hiyo unachomoza Rubavu jua linapozama Sake, na saa sita usiku uko utosini. Nusu ya mwisho inachomoza saa sita usiku. Mwezi mwembamba unaokufa unaonekana alfajiri tu, mashariki. Ukiona kwenye filamu mwezi mwandamo ukiwa juu angani usiku wa manane, cheka.

Mbio: hapa ndipo penye utamu

Kila kitu angani hutembea kutoka Rubavu kwenda Sake, digrii 15 kwa saa, yaani ngumi moja na nusu. Si zenyewe zinazotembea, ni dunia inayojiviringisha. Hapo mwezi na nyota wako sawa, na ndiyo maana watu huona kwamba hakuna tofauti. Tofauti imefichika chini ya mwendo huo, na inatolewa kwa majaribio mawili.

Jaribio la kwanza linahitaji kiti kisichohama na ukingo wa bati au nguzo. Kaa, chagua nyota angavu, uandike saa na dakika inapogusa ukingo. Kesho kaa palepale. Itagusa dakika 4 mapema. Baada ya juma ni karibu nusu saa, baada ya mwezi ni saa mbili. Fanya vivyo hivyo kwa mwezi: kesho utachelewa, kwa wastani dakika 50. Nyota zinawahi kidogo kidogo, mwezi unachelewa sana. Mtu aliyeona hili mwenyewe kwa saa ya mkononi hawezi tena kuchanganya viwili hivyo.

Jaribio la pili ni la usiku mmoja. Tafuta usiku ambao kuna nyota angavu karibu na mwezi, upande wa mashariki yake. Pima kwa punje ya mchele: kati yao unaingia upana wa mwezi mara ngapi? Rudi baada ya saa moja, halafu saa mbili, halafu tatu. Mwezi umeikaribia nyota, kwa kila saa karibu upana wake mmoja. Vyote viwili vinashuka kuelekea Sake, lakini mwezi unarudi nyuma ndani ya msafara. Ni kama abiria kwenye meli ya Goma kwenda Bukavu anayetoka mbele na kutembea kuelekea nyuma ya meli: meli inampeleka kusini, miguu yake inakwenda kaskazini. Kwa siku moja mwezi unarudi digrii 13, na baada ya siku 27 na theluthi moja umezunguka anga lote na kufika kwa nyota ileile ulikoanzia.

Nyota gani zitumike? Mwezi hautangi ovyo, una barabara yake, na kando ya barabara hiyo wako "wake" wa koko. Jioni za Julai tafuta Antares, moyo wa Nge (kundi la nyota lenye umbo la nge), nyota nyekundu iliyo juu sana kuelekea kusini, na mkia wa Nge umejikunja chini yake kama ndoana. Mwezi hupita jirani yake kila mwezi, miaka mingine karibu sana, mingine kwa mbali kidogo. Januari na Februari tumia Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota sita au saba. Watu wa pwani wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na Goma pia unakubali: kinapotea jioni mwishoni mwa mvua za Aprili, kinatokea alfajiri kiangazi cha Juni kikiingia.

Na yule mke wa kwanza, taa nyeupe ya jioni? Huyo si nyota. Ni Zuhura, sayari, jiwe jingine linalomulikwa na jua kama mwezi. Sayari zina mwendo wao, ndiyo maana koko alimwona miezi kadhaa kisha akatoweka, akarudi alfajiri upande wa Rubavu.

Kumetameta, rangi, na jiwe letu jeusi

Namna ya haraka ya kutambua sayari: nyota humetameta, sayari hutulia, mwezi hautikisiki kabisa. Mwanga wa nyota unatoka kwenye nukta, kwa hiyo kila pumzi ya hewa vuguvugu inayopita inausukuma huku na huku. Itazame nyota iliyo chini juu ya ziwa, itakuonyesha nyekundu, kijani na bluu kama taa ya baa. Ileile ikipanda utosini inapoa, maana mwanga wake sasa unapita kwenye hewa kidogo.

Rangi za kudumu ni jambo lingine. Antares ni nyekundu kwa sababu uso wake una joto kama digrii 3,000 na kitu. Jua lina 5,500. Zile nyeupe-bluu hupita 10,000. Mhunzi analijua hili: chuma chekundu bado hakijakolea kama cheupe.

Mwezi una rangi gani? Hapa niruhusu nijigambe kwa ajili ya mji wetu. Mwezi unaonekana mweupe kwa sababu anga nyuma yake ni jeusi, lakini uso wake unarudisha sehemu kama 12 tu kati ya 100 za mwanga unaoupata. Ni mweusi-mweusi kama barabara kuukuu ya lami. Na yale mabaka ambayo wengine huona sungura, wengine mama aliyebeba kuni, ni lava iliyojaza mabonde makubwa na kupoa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua kwenye baka moja, Bahari ya Utulivu, tarehe 20 Julai 1969, wakarudi na mawe ya lava. Si jiwe lilelile na la Nyiragongo, lakini ni ndugu. Ukikaa kwenye ukuta wa mawe ya ile lava iliyopita katikati ya mji Januari 2002 ukatazama mwezi, unatazama kitu kinachofanana na ulichokalia kuliko watu wa Paris watakavyofahamu.

Jioni ya 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na anga likageuka jekundu, mwezi ulikuwa umebakiza siku nne ujae. Sijakutana na mtu aliyeutazama.

Mwezi unavyofuta nyota

Waulize wavuvi wa sambaza. Wanavua usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga mpaka juu ya wavu. Mwezi mpevu ukiwaka juu ya ziwa, taa haina nguvu tena na mavuno yanashuka. Nyota zinapatwa na jambo hilohilo. Mwezi mpevu unang'aa mara kama 30,000 kuliko Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku. Kwenye giza totoro, mbali na taa, jicho zima huona nyota elfu mbili au tatu kwa wakati mmoja. Mbaramwezi inabakiza chache tu.

Kwa hiyo panga kalenda: nyota na Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa mwanga wa nyota, zitazame kuanzia siku tano kabla ya mwezi kufa hadi siku nne baada yake. Nusu mwezi haina nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Ina kama sehemu moja kati ya kumi tu.

Kuna usiku wa aina moja tu ambapo vyote viwili vinapatikana: mwezi ukipatwa. Tarehe 7 Septemba 2025, kuanzia kama saa moja na nusu usiku, mwezi mpevu ulikuwa wote kivulini mwa dunia kwa dakika 82. Unapokuwa humo, mwezi hubaki mwekundu wa shaba, kwa sababu hewa ya dunia hupindisha mwanga mwekundu hadi kule, na nyota zilizofutwa hurudi zote.

Kama una jumeli

Usitazame mwezi ukiwa mpevu, utaona sahani tu. Utazame ukiwa nusu, kwenye mpaka wa mwanga na giza, vivuli vinapoonyesha mashimo na milima. Kisha elekeza kwa sayari ya Mshtarii: nukta mbili, tatu au nne zilizojipanga kando yake ni miezi yake, ambayo Galileo aliiona Januari 1610.

Mtego mzuri zaidi ni mwezi unapoipita nyota. Kabla haujajaa, upande wake wa mashariki ni wa giza. Nyota iliyo upande huo inakaribiwa na ukingo usioonekana, halafu inazimika. Haififii, inazimika kama taa iliyozimwa ukutani. Mwezi hauna hewa ya kuipunguza polepole, na nyota ni nukta isiyo na upana wa kufunikwa kidogo kidogo. Kwa hiyo pia, nyota haiwezi kukaa katikati ya pembe za mwezi kama inavyochorwa kwenye bendera: pale pana mwili wa mwezi wenyewe, ila umo gizani.

Wageni hukosea mara nyingi kwa taa za wavuvi zilizo chini ziwani, na taa nyekundu za minara ya simu. Kama inakatiza anga kwa dakika chache bila kupepesa, ni satelaiti. Kama ni mstari wa sekunde moja, ni kimondo.

Usiku wa thelathini

Mwezi umekufa, umerudi mwembamba magharibi, umbo lilelile la ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Imechukua siku 29 na nusu, zaidi kidogo ya zile 27, kwa sababu jua nalo limesogea na mwezi ulilazimika kulifukuza. Sasa fungua ukurasa huo ulinganishe nyota zilizo kando yake. Zile za mara ya kwanza zimezama tayari, na mwezi uko karibu ngumi tatu mbele, kwa nyota nyingine. Andika jina lake kama unalijua. Kama hulijui, andika kama angeandika koko: mke wa pili.